Kituo cha Kupoza Umeme cha East 13th Street: Jinsi Kiwanja Kimoja Kilivyozima Kusini mwa Manhattan

Jioni ya Jumatatu, tarehe 29 Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilisukuma maji ya Bahari ya Atlantiki kuelekea ghuba ya New York katika saa mbaya kuliko zote: mwezi ulikuwa mpevu, bamvua ilikuwa imefika, na maji yalikuwa yanajaa. Yapata saa mbili na nusu usiku, maji yalikuwa yamekwisha kuvuka ukingo wa East River na kuingia katika kituo cha kupoza umeme, yaani kituo kinachoshusha msongo (volteji) wa umeme kabla haujasambazwa mitaani, cha kampuni ya umeme ya Con Edison kilichoko East 13th Street, upande wa mashariki wa kisiwa cha Manhattan. Mwako mkali ulimulika anga na kuonekana hadi ng'ambo ya maji, kisha karibu eneo lote la kisiwa lililo kusini mwa mtaa wa 39 likawa giza. Wateja zaidi ya 200,000 walikosa umeme, na kwa kuwa katika mji wa maghorofa mteja mmoja anaweza kuwa jengo zima, idadi ya watu walioguswa ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Umeme haukurudi kwa wengi wao hadi tarehe 2 na 3 Novemba.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha dhoruba. Katika uchambuzi huu ninakichukua kama kisa cha kiwanja, kwa sababu dhoruba ilikuwa tukio la usiku mmoja, ilhali sababu za mitambo mingi na muhimu kiasi hicho kuwa mahali pamoja, katika ardhi ya chini, kando ya maji, zilijengeka kwa miongo mingi, na kila uamuzi uliochangia ulikuwa na hoja yake nzuri. Miji inayokua kwa kasi leo inafanya maamuzi ya namna hiyohiyo, moja baada ya jingine, na mengi yao bado yanaweza kubadilishwa kwa gharama ya kalamu na karatasi.

Kiwanja kilivyopatikana

Kituo cha East 13th Street kimejengwa pembeni mwa mtambo wa kufua umeme wa East River, ambao ulianza kazi mwaka 1926. Mtambo wa mvuke wa zama hizo ulihitaji vitu vitatu ambavyo ukingo wa maji ulivitoa kwa pamoja: makaa ya mawe yaliyoletwa kwa matishari, maji mengi ya kupoza mvuke uliokwisha kutumika, na eneo pana la viwanda ambalo hapakuwa na ushindani mkubwa wa kuligombania kwa ajili ya makazi ya gharama. Ardhi yenyewe ilikuwa ya bei nafuu kwa sababu inayoeleweka. Sehemu hiyo ya kisiwa ilikuwa kinamasi cha maji ya chumvi, na ilijazwa kifusi wakati mji ulipokuwa unapanuka kuelekea kaskazini katika karne ya 19.

Palipo na mtambo wa kufua umeme ndipo nyaya zinapoanzia, na palipo na nyaya ndipo kituo cha kupoza kinapopata maana. Kadiri mahitaji ya mji yalivyopanda, njia mpya za ardhini zilifika hapohapo, kwa kuwa ndipo palipokuwa na pa kuziunganisha, na transfoma mpya zikawekwa hapohapo, kwa kuwa ndipo njia hizo zilipofikia. Kiwanja kilichochaguliwa kwa ajili ya makaa na maji ya kupozea kikaendelea kuwa kitovu cha usambazaji hata baada ya umeme mwingi wa mji kuanza kutoka mbali kwa laini za msongo mkubwa. Hivi ndivyo vituo vingi vikubwa duniani vilivyopata mahali vilipo: hakuna mtu aliyekaa mezani akaamua kwamba sehemu kubwa ya kusini mwa Manhattan itegemee ardhi ya chini kando ya maji. Walioamua waliulizwa maswali madogo zaidi, kama vile transfoma inayofuata iwekwe wapi, nao wakayajibu vizuri.

Kwa nini kituo hakiwezi tu kupelekwa mbali

Anayesoma kisa hiki kwa mara ya kwanza huuliza kwa nini kituo kisingejengwa mahali pengine, penye mwinuko, nje kidogo ya mji. Jibu liko katika hesabu ya mkondo. Tuchukue eneo linalohitaji MVA 50 (megavolti-ampea, kipimo cha ukubwa wa mzigo wa umeme). Umeme huo ukisafirishwa kwa msongo wa kilovolti 138, mkondo katika kila waya wa njia ya awamu tatu ni takribani ampea 209. Ukisafirishwa kwa kilovolti 13, ambayo inakaribia msongo unaosambazwa mitaani, mkondo unapanda hadi takribani ampea 2,220. Joto linalopotea ndani ya waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, hivyo kwa waya wa ukubwa uleule upotevu unaongezeka kwa zaidi ya mara 100. Kwa vitendo hakuna waya mmoja wa ardhini wa kawaida unaoweza kubeba ampea hizo zote. Zinagawanywa katika njia nyingi, na njia hizo zikilazwa pamoja katika mtaro mmoja zinapashana joto, jambo linalozilazimu kupunguziwa uwezo.

Kwa hiyo kazi ya kushusha msongo ni lazima ifanyike karibu na watumiaji, na kadiri mji unavyosongamana ndivyo mahali panapofaa kiufundi panavyozidi kuwa katikati yake, ambako ardhi ni ghali na majirani ni wengi. Wahandisi hupata kwenye ramani kitovu cha mahitaji, yaani pale ambapo umbali wa kuwafikia watumiaji wote, ukizingatia uzito wa mahitaji yao, ni mdogo kabisa, kisha hutafuta kiwanja jirani. Hapo ndipo masharti mengine yanapoingia. Transfoma ya kituo cha aina hii huweza kuwa na uzito wa zaidi ya tani 100 na kubeba makumi ya maelfu ya lita za mafuta, kwa hiyo lazima iwepo barabara na madaraja yanayoweza kuistahimili, si siku ya ujenzi pekee bali pia siku itakapoharibika na kuhitaji kubadilishwa, pengine miaka 30 baadaye, wakati mtaa umekwisha kujengwa pande zote. Inahitaji bwawa la kudaka mafuta yakivuja, ukuta wa kuzuia moto usivuke kwenda kwa jirani yake, na nafasi ya hewa ya kuipoza. Hutoa mvumo mzito usiokoma, wa mara mbili ya masafa ya umeme wenyewe, ambao usiku husikika vizuri kuliko mchana.

Teknolojia imepunguza ukubwa wa tatizo bila kuliondoa. Vifaa vya swichi vinavyofungwa ndani ya mabomba yenye gesi ya SF6 (salfa heksafloridi, gesi inayozuia umeme kuruka) vinaweza kuchukua karibu sehemu moja ya kumi ya eneo linalohitajiwa na vile vinavyotegemea hewa ya wazi, jambo linalowezesha kituo kuingia ndani ya jengo au hata chini ya ardhi. Gharama yake ni kubwa zaidi, na gesi hiyo ikivuja huhifadhi joto katika angahewa kwa zaidi ya mara 23,000 ya hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Isitoshe, kituo kilichowekwa chini ya ardhi kimepewa kimo kibaya kuliko vyote endapo maji yatafika.

Manhattan yenyewe inaonyesha jinsi uhaba wa ardhi unavyosukuma maamuzi. Jengo la awali la 7 World Trade Center, lililokamilika mwaka 1987, lilijengwa juu ya kituo cha kupoza umeme kilichokuwa kimetangulia kuwepo. Lilipoporomoka jioni ya tarehe 11 Septemba 2001 liliangamiza kituo hicho, na ili kurejesha umeme katika eneo la biashara ikabidi nyaya za muda zitandazwe juu ya barabara kwa makumi ya kilomita. Hata hivyo jengo jipya, lililofunguliwa mwaka 2006, limebeba tena mitambo ya kituo katika ghorofa zake za chini. Hilo halikutokana na uzembe. Mahitaji ya mtaa yalibaki palepale, nyaya zilifika palepale, na kiwanja kingine hakikuwepo.

Ziada iliyohesabiwa na ziada iliyokuwepo

Mtandao wa usambazaji wa Manhattan unasifiwa kwa uimara, na sifa hiyo ni ya haki. Nyaya zake ziko chini ya ardhi, njia kadhaa hulisha kila eneo kwa pamoja, na kanuni ya usanifu ni kwamba eneo liendelee kupata umeme hata njia mbili zikikatika siku ya mahitaji makubwa zaidi. Kwa hitilafu za kawaida, yaani kifuniko cha waya kuungua, kiungio kuchoka, au mchimbaji wa barabara kukata waya, kanuni hiyo inafanya kazi vizuri sana na wakazi wengi hawajui hata kwamba kuna kilichoharibika.

Kanuni hiyo, hata hivyo, inasimama juu ya dhana moja ambayo ni nadra kuandikwa wazi: kwamba hitilafu moja haihusiani na nyingine. Ikiwa uwezekano wa njia moja kukatika ni mdogo, uwezekano wa njia mbili kukatika kwa pamoja ni mdogo zaidi, na wa tatu hauna haja ya kuhesabiwa. Maji hayafuati hesabu hiyo. Yakifika kimo cha kabati la kwanza yamefika kimo cha la pili na la tatu, kwa sababu yote yamesimama juu ya sakafu moja. Usiku wa Sandy kituo cha East 13th Street hakikupoteza kifaa kimoja au viwili. Kilipoteza kila kitu kilichokuwa chini ya mstari wa maji kwa wakati mmoja, na kwa kuwa kilikuwa kinalisha mitandao kadhaa ya mitaa, mitandao hiyo ilizimika pamoja ingawa kila mmoja wao, ukitazamwa peke yake, ulikuwa na ziada yake kamili kwenye michoro.

Hiki ndicho kiini cha kisa, nami naamini ndicho kinachostahili kusisitizwa kuliko kimo cha mawimbi. Ziada ya mitambo ina thamani pale tu inapokuwa ziada ya viwanja pia. Maji ni njia moja tu ya kuonekana kwa jambo hili. Mnamo Oktoba 2014 moto uliozuka katika mtaro wa nyaya kwenye kituo cha Penrose, Auckland, uliunguza njia nyingi zilizolazwa pamoja na kuwaacha makumi ya maelfu ya wateja bila umeme. Usiku wa tarehe 20 Machi 2025 transfoma moja katika kituo cha North Hyde, magharibi mwa London, ilishika moto, kituo kizima kikapoteza uwezo wa kulisha eneo lake, na uwanja wa ndege wa Heathrow ukafungwa kwa sehemu kubwa ya siku iliyofuata. Sababu za matukio hayo ni tofauti kabisa, lakini katika kila moja vitu vilivyohesabiwa kuwa mbadala wa vingine viliwekwa karibu kiasi cha kuangamia kwa pigo moja.

Kimo cha sakafu na rekodi ya zamani

Con Edison haikuwa imepuuza maji. Kituo kilikuwa kimejengwa kustahimili maji ya kimo cha takribani mita 3.8, na namba hiyo ilikuwa na mantiki. Rekodi ya vipimo katika kituo cha kupimia kimo cha bahari cha Battery, ncha ya kusini ya Manhattan, ilikuwa ya kimbunga Donna cha mwaka 1960, ambapo maji yalifika takribani mita 3.05 juu ya kipimo cha maji kupwa. Makadirio ya kimbunga cha mwaka 1821 yalikuwa takribani mita 3.4. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2011, kimbunga Irene kilileta takribani mita 2.9 na kituo kikapita salama. Mhandisi aliyetazama namba hizi aliona kwamba amejiwekea nafasi ya sentimita 40 juu ya tukio baya kuliko yote yaliyokumbukwa katika miaka karibu 200. Sandy ikaleta mita 4.2.

Kuna mambo mawili ambayo hesabu ya aina hiyo huyaacha nje. La kwanza ni kwamba mahali pa kuanzia kupimia palikuwa panasogea. Usawa wa bahari katika eneo la New York ulikuwa umepanda kwa takribani sentimita 30 katika muda wa miaka 100, kwa hiyo dhoruba ya nguvu ileile iliyopiga mwaka 1821 ingefika juu zaidi ikipiga leo. Kulinganisha ukuta wa leo na maji ya wakati ule bila kufanya marekebisho hayo ni sawa na kujipa nafasi ambayo sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa.

La pili ni muda ambao kituo kinakaa. Gharika inayoitwa ya miaka 100 ni ile yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote. Kituo kinachotarajiwa kufanya kazi kwa miaka 40 kina uwezekano wa takribani asilimia 33 wa kukutana nayo angalau mara moja, na kikikaa miaka 50 uwezekano unakaribia asilimia 40. Hata gharika ya miaka 500 ina takribani asilimia 8 ndani ya miaka 40. Mitambo ya vituo vya kupoza umeme hudumu muda huo na zaidi, na viwanja vyake hudumu muda mrefu kuliko mitambo, kwa sababu transfoma ikizeeka huwekwa nyingine palepale. Kiwanja kinapaswa kupimwa kwa umri wake chenyewe, ambao unaweza kufika karne nzima.

Inafaa pia kutazama kwa karibu ni nini hasa maji yaliharibu, kwa kuwa hapo pana mwanga mkubwa kuhusu ujenzi. Mwili wa transfoma ni tangi la chuma lililojaa mafuta na kufungwa, na huweza kustahimili maji kwenye sehemu yake ya chini. Vilivyo dhaifu ni vitu vidogo vinavyoiongoza: rilei za ulinzi (vifaa vinavyotambua hitilafu na kutoa amri ya kukata umeme), betri zinazovipa vikata umeme nguvu ya kufunguka, nyaya nyembamba za shaba zinazobeba amri na taarifa, na vituo vya kuunganishia nyaya hizo ndani ya makabati. Vitu hivyo mara nyingi huwekwa chini, kwa sababu ni rahisi kufikiwa na fundi na kwa sababu nyaya zake zinaingia kupitia sakafuni. Maji ya chumvi yakivipita, haitoshi kuvikausha. Chumvi inabaki kwenye viungio, inapitisha umeme pasipotakiwa, na inaendelea kula shaba, hivyo kila kifaa kinapaswa kusafishwa, kupimwa, au kubadilishwa kabla ya kurejesha msongo. Ndiyo maana kazi ilichukua siku nne hadi tano hata baada ya maji kuondoka siku iliyofuata.

Hospitali ya Bellevue, iliyoko upande huohuo wa kisiwa, ilikutana na jambo lilelile kwa sura nyingine. Jenereta zake za dharura zilikuwa juu, ghorofa ya 13, salama kabisa, lakini pampu za kuzipelekea mafuta zilikuwa chini kabisa ya jengo na zilizama. Wafanyakazi na askari wakapanga mstari kwenye ngazi na kupandisha mafuta kwa mikono, na hatimaye wagonjwa wote wakahamishwa. Usalama wa mtambo wote ulikuwa sawa na kimo cha sehemu yake iliyo chini kuliko zote.

Jambo moja lilifanyika vizuri usiku ule na lisisahaulike. Kabla maji hayajafika, Con Edison ilizima kwa makusudi mitandao miwili ya ncha ya kusini ya kisiwa, Bowling Green na Fulton. Kifaa kilichozimwa kikifunikwa na maji ya chumvi huloa na kuchafuka. Kifaa chenye msongo kikifunikwa hupigwa shoti na kulipuka. Uamuzi wa kuzima mapema unahitaji mtu mwenye mamlaka, kizingiti cha kimo cha maji kilichokubaliwa kabla, na swichi zinazoweza kutenga eneo la hatari pekee bila kuzima mitaa iliyo juu. Mambo hayo matatu hupangwa wakati wa usanifu, na mahali pa kuweka swichi hizo ni sehemu ya uamuzi wa kiwanja.

Kilichofanyika baada ya hapo

Baada ya Sandy kampuni iliweka mpango wa miaka minne wenye gharama ya takribani dola bilioni 1 za Marekani wa kuimarisha miundombinu yake ya umeme, gesi na mvuke. Kigezo kipya kikawa kimo cha gharika ya asilimia 1 kwa mwaka kulingana na ramani za serikali, ukiongeza takribani sentimita 90. Katika East 13th Street kuta na milango ya kuzuia maji ilijengwa, vifaa nyeti vya uongozaji vikapandishwa juu, na nyuzi za kioo zikachukua nafasi ya nyaya za shaba katika mawasiliano ya ndani. Baadhi ya mitandao ya mitaa iligawanywa ili sehemu inayoweza kufurika iweze kutengwa na ile isiyofurika.

Hatua hizi ni za busara. Lakini zinafaa kuitwa kwa jina lake: ni gharama ya kubaki mahali palepale. Kituo hakikuhamishwa, kwa kuwa kukihamisha kungemaanisha kung'oa na kulaza upya nyaya zote zinazoingia na kutoka, katikati ya mitaa iliyojaa mabomba ya maji, gesi, mvuke na njia za treni. Baada ya nyaya kulazwa, kiwanja hakiuzwi wala hakibadilishwi. Kinajengewa ukuta.

Mji ambao bado una nafasi ya kuchagua

Mji unaokua una faida ambayo New York ilikuwa imekwisha kuipoteza. Mitaa ya pembezoni ambayo itahitaji MVA 120 baada ya miaka 15 leo pengine inahitaji 20, na viwanja vyake bado havijajazwa. Tatizo ni kwamba shirika la umeme kwa kawaida hutafuta kiwanja pale mahitaji yanapokuwa yamekwisha kulemea vituo vilivyopo. Wakati huo ardhi iliyobaki wazi ni ile ambayo wengine wote waliikataa: bondeni, kando ya mto, kwenye dampo la zamani, mahali ambapo mvua kubwa hutuama. Bei yake ni ndogo, fidia ni ndogo, na wapinzani ni wachache, hivyo kwenye jedwali la kulinganisha kinapata alama za juu.

Jedwali hilo linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo chombo kinachotumika zaidi katika kazi hii. Wataalamu huorodhesha vigezo kama umbali kutoka kitovu cha mahitaji, bei ya ardhi, urefu wa mkuza wa laini (ukanda wa ardhi unaotengwa kwa ajili ya kupitisha laini), barabara, udongo, mazingira, majirani na mafuriko, hukipa kila kigezo uzito, kisha hujumlisha. Kujumlisha kuna maana kwamba upungufu wa upande mmoja unaweza kufidiwa na ubora wa upande mwingine. Kwa bei na umbali hilo ni sawa. Kwa mafuriko si sawa hata kidogo, kwani unafuu wa bei hauzuii maji kuingia. Kwa maoni yangu, mafuriko, maporomoko ya ardhi, ukaribu na hifadhi kubwa za mafuta, na kukosekana kwa njia ya pili ya kufikia kiwanja vinapaswa kuwa mlango wa kwanza: kiwanja kisichopita hapo hakiingii kwenye jedwali, au kinaingia kikiwa tayari kimebebeshwa gharama yote ya kukiinua, pamoja na barabara yake. Mara nyingi kiwanja cha bei nafuu kikishatiwa gharama hiyo hukoma kuwa cha bei nafuu.

Baada ya mlango huo huja swali la idadi ya viwanja, ambalo aghalabu halionekani mapema kwa sababu mradi huanzishwa kwa jina la kituo kimoja. Tuchukue tena mtaa wa MVA 120. Kituo kimoja chenye transfoma tatu za MVA 60 kinakidhi kanuni ya kawaida: moja ikiharibika, mbili zinabeba mzigo wote. Kiwanja kikipotea, mtaa wote unapotea. Sasa tugawe mtaa uwe na vituo viwili, kila kimoja na transfoma mbili za MVA 60 na mzigo wa MVA 60. Transfoma moja ikiharibika popote, mwenzake anatosha. Na kituo kizima kikipotea, transfoma mbili za kituo kilichobaki zina uwezo wa MVA 120, yaani mtaa wote, alimradi njia za kuunganisha vituo hivyo viwili zilijengwa zikiwa na uwezo wa kubeba mzigo huo na alimradi kila kituo kinalishwa na laini yake. Tofauti ya mitambo ni transfoma moja. Gharama kubwa zaidi iko kwenye ardhi ya pili na mkuza wa pili, vitu ambavyo ni rahisi mapema na karibu haviwezekani baadaye. Kuwa na vituo viwili katika bonde moja la mto, au vinavyopokea umeme kupitia daraja moja, kunaturudisha kwenye East 13th Street, safari hii kwa kutumia fedha nyingi zaidi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mpangaji ni kulinganisha ramani ya ukuaji wa mahitaji na ramani ya miinuko na njia za maji, kwa kipindi kirefu kuliko umri wa transfoma, kisha kutenga viwanja na mikuza ndani ya mpango wa ardhi wa mji kabla mitaa haijapimwa. Hapo wahandisi wa umeme na wapimaji wa ardhi wanapaswa kukaa meza moja, jambo ambalo katika miji mingi hutokea baada ya hati kutolewa. Kiwanja kitengwe kikiwa na nafasi ya transfoma ya ziada, na njia ya kuingizia mzigo wa tani 100 ilindwe pamoja nacho. Wananchi waelezwe tangu mwanzo ni nini kitajengwa hapo, ili anayenunua nyumba jirani anunue akijua, na ukuta wa sauti na kimo cha majengo vijadiliwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Ugumu uliobaki ni wa kiutawala. Kiwanja kilichotengwa kwa miaka 10 bila kujengwa huonekana kama mali isiyo na kazi. Huvamiwa, hugawiwa, au hubadilishiwa matumizi na viongozi ambao hawakuwepo kilipotengwa, na faili lenye sababu za kukitenga limekwisha kupotea. Shirika linaweza kukipa kazi ya muda inayoondoka kwa urahisi, kama vile yadi ya nguzo na nyaya au maegesho ya magari ya mafundi, huku hati ikiwa imesajiliwa kwa jina lake na mipaka imewekewa alama. Ndani ya faili hilo iandikwe kimo cha maji kilichotumika katika usanifu, takwimu zilizokitoa na mwaka wake, pamoja na mwaka ambao kimo hicho kitapimwa upya, na ofisa mwenye wadhifa atajwe kuwa ndiye wa kulifungua faili hilo mwaka huo utakapofika.